Kompyuta Ikifa Leo, Rekodi Zako Utazitoa Wapi?

Ukipoteza simu kwenye matatu leo, utaumia, lakini pesa zako hutazipoteza. Utaenda na kitambulisho chako, utarudishiwa laini, utaweka PIN yako, na salio utalikuta pale pale ulipoliacha. Sababu ni kwamba pesa hazikuwa ndani ya simu. Simu ni mlango tu. Rekodi ya salio lako iko kwenye mitambo, tena haiwekwi mahali pamoja pekee.

Sasa hebu igeukie ile kompyuta iliyo pale sebuleni. Picha za harusi, vyeti vya watoto ulivyoskani, hesabu za duka, daftari la chama. Hizo zote ziko ndani ya kisanduku hicho kimoja. Kikiibwa, kikimwagikiwa chai, au stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, hakuna duka utakaloenda na kitambulisho ili urudishiwe.

Somo la leo ni kuhusu nakala ya akiba, ile wengi wetu tunaiita bakapu. Hatutakuambia njia moja ndiyo bora kwa kila mtu. Tutakuonyesha namna ya kuchagua inayokufaa wewe, kulingana na faili ulizo nazo na hatari unayoiogopa.

"Lakini si nyinyi mna rekodi zangu?"

Swali zuri, na jibu ni ndiyo na hapana. Miamala yako tunayo. Ukihitaji taarifa ya miezi iliyopita, unaiomba na unaipata. Lakini taarifa hiyo inasema tu nani alituma, kiasi gani, na lini. Haisemi kwa nini.

Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama cha watu 20. Mwezi wa Machi mwanachama mmoja alituma shilingi 2,000. Sisi tunaiona hiyo 2,000. Ila hatujui kama 1,000 ilikuwa mchango na 1,000 marejesho ya mkopo, ama yote ilikuwa mchango wa miezi miwili, ama kulikuwa na faini ya kuchelewa ndani yake. Maelezo hayo yako kwenye jedwali lako la Excel peke yake. Jedwali likipotea, utabaki na orodha ndefu ya pesa zilizoingia, na watu 20 kila mmoja akikumbuka mambo kivyake. Pesa haijaibwa hata shilingi moja, lakini chama kinaweza kuvunjika hivyo hivyo, na jina lako likabaki mdomoni mwa watu.

Kwa mwenye biashara kuna jambo la pili. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze rekodi zake kwa miaka 5. KRA wakiuliza kuhusu mauzo ya miaka mitatu iliyopita, "kompyuta iliharibika" si jibu litakalokusaidia sana.

Kwanza jua unalinda nini

Usianze kwa kununua kifaa. Anza kwa kugawa faili zako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni faili ambazo haziwezi kutengenezwa tena: hesabu za chama, rekodi za biashara, picha za familia, kazi ya mtoto ya shule, maandishi yako mwenyewe. Hizi ndizo za kulindwa kwanza.

Fungu la pili ni zile zinazoweza kupatikana tena kwa usumbufu kidogo: taarifa za miamala, risiti ulizotumiwa kwa barua pepe, fomu ulizopakua. Zilinde zikipata nafasi.

Fungu la tatu ni filamu, nyimbo na programu. Hizi zinakula nafasi kubwa kuliko zote, na zinapatikana tena. Ziache.

Ukishafanya hivyo utashangaa. Jedwali la chama cha watu 20 kwa miaka kadhaa kwa kawaida halifiki hata MB 1. Picha ndizo nzito: picha moja ya simu inaweza kuwa MB 3 hadi 5. Kwa hivyo GB 15 inabeba picha kati ya 3,000 na 5,000 hivi. Ukijua uzito wa mzigo wako, hutalipia lori kubeba gunia moja.

Njia ya 1: Flashi

Ni rahisi, inapatikana kila mahali, na haihitaji intaneti. Kwa kuhamisha faili kutoka nyumbani hadi saiba, hakuna kinachoishinda.

Kama nakala ya akiba, ina udhaifu wake. Inapotea kirahisi. Inapita kwenye kompyuta za watu wengi na kuokota virusi. Pia haikutengenezwa kwa ajili ya kuwekwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa. Data iliyomo inaweza kuharibika polepole.

Halafu kuna flashi bandia. Ukiona flashi imeandikwa ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa, shtuka. Nyingine hudanganya kompyuta: zinaonyesha nafasi kubwa, lakini nafasi halisi ikijaa, faili mpya huandikwa juu ya zile za zamani au hazisomeki kabisa. Utaona majina ya faili yote yapo, lakini ukifungua, hakuna kitu. Kabla ya kuiamini flashi mpya, ijaribu. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza kifaa chote na kukuambia ukubwa wake wa kweli. Ifanye hiyo kazi flashi ikiwa bado tupu.

Njia ya 2: Diski ya nje

Hii ni hadi diski inayochomekwa kwa waya. Ina nafasi kubwa, unailipia mara moja tu, na haili bando. Windows ina kifaa chake kiitwacho File History, na Mac ina Time Machine. Ukishaziwasha, zinanakili faili zako zenyewe diski ikiwa imechomekwa, na zinaweka matoleo ya zamani pia. Faida ya matoleo ni kubwa: ukigundua leo kwamba wiki jana ulifuta safu nzima ya marejesho ya mikopo kwa bahati mbaya, unairudia ile faili ya kabla ya kosa.

Udhaifu wake ni kwamba diski hukaa pale pale ilipo kompyuta. Mwizi akiingia, anabeba vyote viwili, tena pengine kwenye begi lako mwenyewe. Moto ni hivyo hivyo. Na waliopitia mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wanajua kwamba maji yakiingia nyumbani hayachagui.

Pia usiiache imechomekwa usiku na mchana. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa duniani na kufunga faili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000, kikidai malipo ya Bitcoin ili zifunguliwe. Hospitali za Uingereza zilipata taabu kubwa. Virusi vya aina hiyo hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa. Kwa hivyo chomeka, nakili, ichomoe kwa utaratibu, iweke kando. Na usiiangushe: diski nyingi za nje zina sahani zinazozunguka ndani, na kuanguka kumoja tu kunaweza kuzimaliza.

Njia ya 3: Wingu

Hapa faili zako zinakaa kwenye mitambo ya kampuni nyingine kupitia intaneti. Google inatoa GB 15 bure, zikitumika kwa pamoja na Gmail na picha zako. OneDrive inatoa GB 5 bure, na iCloud vilevile GB 5. Ukitaka zaidi, unalipia kila mwezi au kila mwaka.

Nguvu ya wingu ndiyo ile ile ya salio lako: nyumba ikiungua, faili hazikuwa ndani ya nyumba. Unaingia kwa kompyuta nyingine na unaendelea na kazi.

Lakini yapo mambo manne ya kujua.

La kwanza ni muda na bando. Kama mtandao wako unapandisha data kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 1 itachukua kama dakika 27. GB 40 za picha zitachukua karibu saa 18. Ukifanya hivyo kwa bando la simu, utalia. Tumia Wi-Fi ya nyumbani, au anza na fungu la kwanza pekee. Baada ya mara ya kwanza, mabadiliko ya kila siku huwa madogo.

La pili ni kufuta. Nyingi ya huduma hizi zinafuatisha kompyuta yako. Ukifuta faili kwenye folda inayofuatishwa, inafutwa na huko juu. Kwenye Google Drive itakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha inaenda kabisa. Ukigundua kosa siku ya 40, umechelewa.

La tatu ni akaunti iliyosahaulika. Google inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka 2, pamoja na vilivyomo. Usifungue akaunti ya "akiba" halafu uisahau. Ingia mara kwa mara.

La nne linatugusa sisi watu wa simu. Akaunti nyingi zinakutambua kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini yako. Laini ikipotea na huna njia nyingine, unaweza kufungiwa nje ya faili zako mwenyewe. Weka barua pepe ya pili ya kurejesha akaunti. Google pia inakuruhusu kuchapisha namba 10 za akiba, kila moja ikitumika mara moja tu. Zichapishe na uziweke pamoja na hati zako muhimu.

Njia ya 4: Karatasi

Usiicheke. Ukurasa mmoja wa mwisho wa mwezi, wenye jina la kila mwanachama, mchango wake, mkopo wake na baki yake, ukiwa umetiwa sahihi na mwenyekiti, mweka hazina na katibu, ni nakala ya akiba isiyohitaji stima. Hautabeba picha zako, na utalazimika kuandika upya kwenye kompyuta, lakini kwa hesabu za chama huo ni ushahidi ambao kila mtu anauelewa.

Basi nichague ipi?

Jiulize swali moja: ni kitu gani kinaweza kuangamiza kompyuta na nakala yangu kwa wakati mmoja? Kama jibu lipo, bado hujamaliza.

Flashi kwenye droo ya meza ya kompyuta: mwizi mmoja anachukua vyote. Diski iliyochomekwa daima: kirusi kimoja kinafunga vyote. Wingu peke yake: nenosiri likiibwa au akaunti ikifungwa, huna pa kushika. Ndiyo maana hakuna njia moja inayotosha.

Kuna kanuni inayoitwa 3-2-1, iliyofanywa maarufu na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Kuwa na nakala 3 za kila faili muhimu, ukihesabu na ile unayoitumia. Ziweke kwenye vifaa vya aina 2. Na angalau nakala 1 ikae nje ya nyumba. Hiyo tu.

Kwa maisha yetu, inaweza kuonekana hivi:

*Wewe ni mweka hazina wa chama.* Faili zako ni ndogo. Tumia wingu la bure kwa folda ya chama, nakili kwenye flashi iliyojaribiwa kila baada ya mkutano, na toa karatasi ya mwisho wa mwezi. Flashi impe katibu akae nayo kwake. Gharama ya ziada kwa mwezi ni karibu na sufuri.

*Una duka au unapiga picha za sherehe.* Mzigo wako ni mkubwa. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae dukani au kwa ndugu unayemwamini, na mzibadilishe kila mwezi. Hesabu na picha za kazi ambayo mteja bado hajachukua, ziweke pia kwenye wingu.

*Nyumbani hakuna intaneti ya kutegemea.* Diski mbili za nje ndizo zitakufaa. Ukienda ushago kuwaona wazee, beba moja uiache, na urudi na ile uliyoiacha safari iliyopita. Nakala itakuwa na umri wa miezi kadhaa, lakini ni afadhali kupoteza miezi minne kuliko miaka kumi.

Nakala ambayo hujaijaribu

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri isiyo sahihi kwenye mitambo, na sehemu kubwa ya filamu ikafutika. Hawakushtuka sana mwanzoni, maana walikuwa na mfumo wa kuweka nakala. Walipozifungua, wakagundua nakala hazikuwa sawa, na hakuna aliyekuwa amejua. Kilichowaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu.

Kama kampuni nzima ilikwama, sisi na flashi zetu tusijidai. Njia ya kujaribu ni rahisi. Kila miezi mitatu, chukua nakala yako, nenda kwenye kompyuta *nyingine*, fungua faili tatu: moja ya zamani, moja ya mwezi huu, na picha moja. Zikifunguka vizuri na namba ziko sawa, una nakala. Zikikataa, umegundua mapema, siku ambayo bado faili za asili ziko salama.

Usiweke siri ndani ya akiba

Nakala nyingi maana yake ni milango mingi. Kwa hivyo:

- PIN yako usiiandike kwenye faili yoyote, hata ile uliyoipa jina la kuficha. Iweke kichwani.
- Nakala za vitambulisho vya wanachama ni mali yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uzitunze. Kabla ya kuziweka kwenye flashi au wingu, zifunge kwa nenosiri; programu ya bure ya 7-Zip inafanya hivyo vizuri. Nenosiri mwachie pia mwenyekiti ndani ya bahasha iliyofungwa, ili siku wewe haupo chama kisikwame.
- Kompyuta ikienda kwa fundi, nakili faili kwanza. Fundi mwema atarekebisha mashine, lakini akilazimika kusafisha diski, hatakuwa na namna ya kukurudishia.
- Mtu akikupigia simu akisema yeye ni wa huduma ya wingu au ni wetu, na anataka PIN au namba uliyotumiwa kwa ujumbe ili "aokoe faili zako", huyo ni mkora. Kata simu.

Kazi ya leo: dakika 20

Usingoje kununua diski. Leo jioni fanya hivi:

1. Tengeneza folda moja, uiite MUHIMU.
2. Weka ndani yake faili za fungu la kwanza pekee.
3. Pandisha folda hiyo kwenye wingu la bure ulilo nalo tayari kupitia barua pepe yako.
4. Nakili folda hiyo hiyo kwenye flashi, na kesho impe mtu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine.
5. Weka kikumbusho kwenye simu: kila baada ya mkutano wa chama, au kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, rudia hatua ya 2 hadi ya 4.
6. Weka kikumbusho cha pili, miezi mitatu kutoka leo: "Fungua nakala kwenye kompyuta nyingine."

Ukimaliza, utakuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iko nje ya nyumba. Siku kompyuta itakapozima na kukataa kuwaka, utakasirika kama mtu aliyepoteza simu. Lakini mkutano wa Jumamosi utakuwepo, na utafungua jedwali mbele ya wanachama wote 20 ukiwaonyesha ile 2,000 ya Machi ilikuwa ya nini.

Kumbuka: PIN yako ni siri yako. Hatutakuuliza kamwe.